Shangazi Qiu na Kifundo cha Yanfei

Kundi letu la ngoma hapa mjini Guiyang, China, lina wachezaji thelathini, na hakuna hata mmoja ambaye Shangazi Qiu Suzhen hajamkagua ulimi. Mimi mpiga ngoma tu, lakini hata wangu ameuona.

Zamani yeye mwenyewe alikuwa mchezaji. Akiwa na miaka ishirini na miwili alianguka jukwaani, kiuno kikagoma. Mganga mmoja wa mifupa alimtibu miezi minane, naye alipopona akaomba abaki kujifunza uganga wa Kichina, ule unaosoma ugonjwa kwenye ulimi na mapigo. Leo ana miaka sitini na tatu, na chumba chake nyuma ya ukumbi wa mazoezi kinanukia tangawizi na majani ya kufukizia.

Mwaka juzi, siku nne kabla ya onyesho kubwa, Luo Yanfei, mchezaji wetu mkuu, aliingia humo akichechemea, mimi nikiwa mlangoni na vijiti vyangu vya ngoma.

"Shangazi, nichome zile sindano zako nyembamba maumivu yatulie. Ni kifundo tu."

"Toa ulimi."

"Unaouma ni mguu, si mdomo!"

"Toa, mbishi wewe."

Ulikuwa umepauka. Shangazi akamshika mkono, akasikiliza mapigo kwa vidole vitatu.

"Umekula nini leo?"

"Tango."

"Na siku zako?"

Yanfei akatazama sakafu. "Sijaziona tangu Aprili."

"Basi kifundo hakina kosa. Damu ni haba, kano zinakauka, nawe bado unaruka. Sindano ya kukudanganya sikuchomi."

Mkurugenzi wetu, Bwana Teng, aliposikia Yanfei amekatazwa kucheza, akaja amefura. "Tiketi zimekwisha, Shangazi! Unataka nicheze mimi?"

"Cheza. Hicho kitambi kinahitaji mazoezi."

Nilicheka mpaka kijiti kikanidondoka. Ila Shangazi hakucheka. "Kabla sijaanguka, Teng, nilificha maumivu wiki nzima. Usinilazimishe kulitazama tena jambo lile."

Bwana Teng akanywea. Nafasi akapewa mwingine, na Yanfei akalia siku mbili. Hospitali walipompiga picha, mfupa ulikuwa umeanza kuingia ufa.

Kila adhuhuri Shangazi alimpikia supu ya kondoo yenye mizizi ya dawa, akakaa mbele yake mpaka bakuli likauke. Ufa ulipoziba, akamfundisha kuruka upya: pumzi ishuke kwanza chini ya kitovu, ndipo mguu uache sakafu.

Mwezi wa kumi Yanfei alirudi jukwaani. Alitua kwa wepesi hata sikusikia mguu wake. Shangazi alikuwa kando ya pazia, machozi yanamtiririka. Nilipomuuliza, akanikaripia: eti ni moshi wa jukwaani.