Oili Nyepesi kwa Injini ya Baba

Nina kiburi, nakiri. Siku niliyonunua oili Mbinga mjini, muuza duka aliniuliza gari ni la miaka gani, nikamkata kauli: "Wewe niuzie hiyo nyepesi ya kisasa, basi." Gari lenyewe ni pikapu ya baba, kongwe kunizidi mimi. Injini yake haijawahi kufunguliwa, na fundi alishatuonya kwamba ikinoki, ikafa, hatutapata nyingine, itabaki chuma chakavu. Ukiacha kahawa yake na sisi wanawe, baba hana kingine cha kujivunia ila gari hilo.

Yeye miaka yote alitia oili nzito, namba arobaini, ile ile ya mashine ya kusaga. Alidondosha tone kidoleni, akasugua na gumba, akanusa, ndipo akakubali. Mimi nilikuwa namcheka. Asubuhi kwetu Maguu, juu milimani, kuna baridi, nikasema, oili nzito inachelewa kupanda kwenye injini. Nikamwaga yake, nikatia yangu. Baba alikaa kibarazani ananitazama, hakusema neno.

Tukashuka kwenda Lituhi, kando ya ziwa, kumwona shangazi, dada yake, aliyekuwa mgonjwa. Kule juu gari lilikwenda vizuri, nikajisifu kimoyomoyo. Tulipofika chini kwenye joto la ziwa, taa nyekundu ya oili ikawaka. Mara injini ikaanza kugonga, ko, ko, ko! Nikazima haraka.

Nilipofungua boneti, oili yangu ilikuwa inachuruzika kwenye kila mpira wa kuzibia uliochakaa, nyepesi kama maji ya mchele.

"Baba, nimeliua gari lako."

"Halijafa bado. Tafuta oili."

Mvuvi mmoja alituona, akaja mbio na kidumu cha oili ya injini ya boti. Mungu wangu, nilivyofurahi! Nilikuwa nimeshafungua kifuniko baba alipofoka, "Acha! Hiyo huchanganywa na petroli iungue. Unataka kulimalizia?" Mvuvi wala hakununa. Akakimbia kwa mwenye mashine ya kusaga, akarudi na dumu jingine, kuukuu, halina hata karatasi ya kuonyesha ni oili gani.

Nikampa baba tone kidoleni, kama alivyozoea. Akalinusa tu.

"Haijaungua. Sasa sugua wewe."

"Lakini wewe ndiye unayejua, baba."

Akatazama ziwani. "Vidole vyangu havisikii tena, mwanangu. Hata kahawa siku hizi sijui kama imekauka mpaka niing'ate."

Nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikasugua.

"Ina mchanga?"

"Haina."

"Ukiachanisha vidole, inavutika?"

"Inavutika kidogo, halafu inakatika."

"Ndiyo yenyewe. Tia."

Tukamwaga ile yangu, tukatia ya mashine. Nilishika ufunguo nikashindwa kuuzungusha, nikamwomba Mungu kwanza. Siku ile kibarazani nilidhani amenyamaza kwa kuniamini. Kumbe alikuwa anaogopa kwamba akinipinga nitampa tone asugue, nijue vidole vyake havisikii.

Nikawasha. Taa ikazimika, na kugonga kukapungua, kukapungua, kukaisha. Baba akapiga dashibodi kwa kiganja, akacheka peke yake. Mimi nililia mpaka tukafika kwa shangazi.