Hakimu wa Kichina na Kaburi la Mwanangu

Banda la video lilikuwa nyuma ya duka la pembejeo. Mabati juu, mabanzi ubavuni, na magunia ya kahawa yaliyoshonwa pamoja kuziba mwanga. Banda lilikuwa la mtu mwingine, mjukuu wangu alikuwa mtafsiri tu, lakini muulize yeyote wa kata yetu: bila yule binti lile lilikuwa banda la mbuzi. Watu hawakuja kuangalia sinema. Walikuja kumsikiliza yeye.

Alisimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti, macho kwenye yale maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya picha, na papo hapo anayatoa kwa Kiswahili. Kiswahili kikikosa ukali, anatia Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani. Sauti ya mzee anaiweza, ya mlevi anaiweza, ya mama mkwe ndiyo usiseme. Mimi niliyeishia darasa la nne kule Rugu nilikaa benchi la mbele, na kila anayeingia nilimwambia, "Huyo ni wangu. Baba yake alipokufa nimemlea mimi na mama yake." Walishachoka kunisikia. Hiyo ilikuwa shida yao.

Vijana walitaka za ngumi. Yeye akaleta moja ya Hong Kong, ya enzi za wafalme, na ngumi zake hazifiki hata mbili. Ni ya kuchekesha. Ina hakimu.

"Bibi, hiki si Kichina cha wale wajenga barabara," aliniambia. "Hiki ni Kikantoni. Wao kwa wao hawaelewani."

"Kama sisi na Wasukuma," nikasema.

"Hivyo hivyo."

Yule hakimu ana kofia nyeusi yenye masikio mawili marefu pembeni, na kila akidanganya masikio yanatikisika. Mbele yake askari wamejipanga kwa mistari miwili, wanagonga fimbo chini na kuunguruma kama ng'ombe wenye njaa. Mwenye shida anapiga ngoma mlangoni. Hakimu anaamka, amenuna, anavaa kofia kichwa chini miguu juu, na neno lake la kwanza ni kuamuru mlalamikaji alazwe chini achapwe. Akishachapwa ndipo anaulizwa, "Haya, shida yako nini?" Kuna tajiri anayeletewa kiti. Kuna mtu wa kusema kwa niaba ya wengine, ana kipepeo cha kujipepea na mdomo kama cherehani. Kuna mke wa hakimu anayemvuta mumewe sikio nyuma ya pazia na kumwambia apokee zaidi.

Nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa kanga. Nilicheka kwa sababu ile fimbo naijua. Sisi hatulazwi chini. Sisi tunaambiwa njoo Alhamisi, na Alhamisi ikifika tunaambiwa karani amefiwa.

Sasa mjukuu wangu akafanya jambo. Akampa yule hakimu wa Kichina sauti ya mwenyekiti wa baraza letu la kata. Kata sitaitaja. Mwenyekiti alikuwa na namna yake: anakohoa, anavua miwani, anasema, "Tuelewane, ndugu zangu," halafu anasema jambo ambalo hakuna aliyelielewa. Binti aliinyaka sauti ile, kikohozi na vyote. Kwenye picha mtumishi analeta sahani iliyofunikwa, hakimu anachungulia, na mjukuu wangu anakohoa, anasema, "Tuelewane, ndugu zangu. Hawa senene wamekaangwa, au nimekaangwa mimi?" Banda lilitaka kuanguka. Kila mtu alijua nani anapelekewa ndoo ya senene, wale panzi wa kuliwa, msimu ukifika, na anapelekewa na nani.

Aliyepeleka senene ni jirani yangu wa chini.

Huyu ni mfanyabiashara, ananunua kahawa na maharage, anapeleka Bukoba. Mtu wa kanisa, mpole, shati jeupe. Alinunua kibanja, shamba la migomba na kahawa, kinachopakana na chetu, na kwa muda mrefu hatukuwa na neno naye. Mpaka wetu ulikuwa miramura, ile mimea ya majani marefu ambayo huku kwetu inapandwa mpakani mbele ya watu, na mtu mwenye akili zake haigusi hata ikiota kwenye njia yake. Marehemu mume wangu aliipanda akiwa na mzee mmoja aliyekuwa akilima kwetu. Mzee ndiye aliyeshika kamba ya kupimia. Baadaye mwanangu, baba yake binti, alipanda mibuni kando yake, na alipokufa tukamzika hapo hapo kwenye mibuni yake, kwa kuwa huku juu kwenye nyumba ni mwamba mtupu, jembe linatoa cheche.

Ndugu yangu akafa Rugu. Tukaenda sote, tukazika, tukakaa matanga. Tuliporudi miramura haikuwepo. Iling'olewa na mizizi yake, ikachomwa, na udongo ukapigwa jembe safi kabisa. Jirani akasema mpaka ni ule mtaro wa maji ulio juu. Ukifuata mtaro, ile mibuni ni yake. Na kaburi la mwanangu ni lake.

"Mama, mimi sina ugomvi na marehemu," aliniambia. "Apumzike tu."

Apumzike tu! Kana kwamba amempangisha chumba.

Mibuni ningeisamehe. Nimezika mume, nimezika watoto, najua kitu gani kinasahaulika na kipi hakisahauliki. Kaburi sikuweza. Tukaenda barazani. Wakati huo baraza la kata lilikuwa bado linakata kesi za ardhi. Siku hizi nasikia kazi yao ni kusuluhisha. Tukapangiwa siku. Shahidi wetu alikuwa yule mzee wa kamba. Wazazi wake walitoka Rwanda wakiwa vibarua wa migomba, yeye mwenyewe amezeeka hapa, watoto wake na wajukuu wake wamezaliwa hapa. Nilipomfuata alisema, "Nilishika kamba kwa mkono huu. Nitasema."

Jumapili moja kabla ya kesi, watu wametoka kanisani, banda limejaa, sinema ya hakimu inaendelea kwa mara isiyojulikana ya ngapi, gunia la mlangoni likafunuliwa. Mwenyekiti akaingia. Mwenyewe. Mjukuu wangu akanyamaza katikati ya neno. Kwenye picha Wachina wakaendelea kusema peke yao.

"Shikamoo mzee," watu wakaanza, benchi hadi benchi.

"Marahaba, marahaba. Kaeni." Akakaa karibu yangu, akaweka fimbo yake kati ya magoti. "Endelea, binti. Nimeambiwa hapa nimekuwa Mchina."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mjukuu wangu akaniangalia. Nikamfanyia ishara ya kidevu: endelea, unamwogopa nani? Akaendelea. Mwanzo sauti yake ilikuwa ndogo, kisha ikapanda, kikohozi kikarudi, "Tuelewane" ikarudi. Mwenyekiti alicheka kuliko sote. Alijipiga paja. Alivua miwani akaifuta.

Ikafika pale mlalamikaji, mjane, analeta mashahidi wake watatu. Hakimu anawaangalia mmoja mmoja, masikio ya kofia yanatikisika, na mjukuu wangu akasema kwa sauti ya mwenyekiti: "Mama, mtu mkweli mashahidi wa nini? Anayejipanga namna hii ni mwizi!" Mwenyekiti akainama mbele kwa kicheko. "Rudia hapo," akamwambia. "Rudisha nyuma, rudia." Ikarudishwa. Binti akarudia.

Wakati wa kuondoka akamnunulia binti soda. "Una kipaji. Usikiache."

Njiani nilikuwa na furaha. Nilisema mtu anayekubali kuchekwa mbele ya watu hawezi kuwa mbaya kabisa. Mkwe wangu, mama yake binti, alisubiri mpaka tukakaribia nyumbani.

"Mama, mimi sikupenda alivyocheka," akasema.

"Ulitaka anune?"

"Angenuna ningejua tuko wapi naye."

Siku ya kesi walikuja watu wengi, wengine walisimama madirishani. Nilisema yangu. Jirani alisema yake, kwa upole, akiniita mama kila mara. Kisha nikamwita mzee wa kamba. Alivaa koti lake la kanisani. Akaanza vizuri: mpaka ulianzia wapi, ukapita wapi, mume wangu alisimama wapi. Nyuma yake walikuwa wamekaa wengine wawili niliowaomba, mama mmoja jirani wa juu na katekista.

Mwenyekiti akakohoa. Akavua miwani.

"Tuelewane, ndugu zangu," akasema, na tayari watu wakaanza kutabasamu. Akawaangalia mashahidi wangu mmoja mmoja, polepole, kichwa akikitikisa kidogo kama mtu aliyevaa kofia yenye masikio. "Mama, mtu mkweli mashahidi wa nini? Anayejipanga namna hii ni mwizi!"

Wakacheka. Sikudanganyi, walicheka wote. Waliosimama madirishani walicheka, wajumbe wa baraza walicheka, shemeji yangu mwenyewe aliyekuja kunisindikiza alikuwa meno nje, kisha akajiziba mdomo. Hawakutaka. Ilikuwa imeshawakaa mdomoni, Jumapili baada ya Jumapili, wakisikia maneno hayo wanacheka. Mzee wa kamba peke yake hakuwa amewahi kuingia lile banda. Alisimama na koti lake, akageuza uso huku na huku, akitafuta kitu gani kwake kinachekesha. Akaangalia hata viatu vyake.

"Na wewe mzee," mwenyekiti akasema, sasa kwa sauti ya kawaida, "tukumbushe. Hapa ulifika lini, na kwa karatasi gani?"

Kicheko kikakatika. Swali hilo kila mtu analijua. Wapo waliowahi kuulizwa hivyo, na baadaye wakapelekwa Rwanda, tukaona nyumba zao zimebaki na milango wazi na kuku wakiingia na kutoka.

Mzee alifunga kifungo cha koti lake. Kisha akasema, "Ni zamani, mheshimiwa. Labda kamba ilipita kwenye mtaro. Umri huu, nachanganya."

"Hapo sasa tumeelewana," mwenyekiti akasema.

Sikumchukia yule mzee. Ana wajukuu kama mimi.

Wakaamua mpaka ni mtaro. Kuhusu kaburi, familia ya marehemu itafika kuliangalia kwa ruhusa ya mwenye eneo. Jirani akainuka, akasema yeye hana kinyongo, mlango wake uko wazi. Watu wakasema huyu ana utu.

Mjukuu wangu hakulia pale. Alilia nyumbani, amekaa kwenye kinu kilicholala, mikono inaning'inia.

"Bibi, ule mstari haupo."

"Upi?"

"Wa mashahidi. Kwenye maandishi haupo. Hakimu anasema tu, wapelekeni nje. Nilitunga mimi nipate kicheko."

Mama yake alikuwa anamenya ndizi. Kisu hakikusimama. "Ulimtengenezea panga," akasema, "na sisi tukakaa tukilipigia makofi." Kisha akaona alichosema, akaweka kisu chini, akaenda kumshika mwanawe kichwa.

Mimi nilisema mwizi ni aliyeiba. Nilisema mwenyekiti asingekuwa na mstari ule angepata mwingine, lile swali la karatasi hakufundishwa na mtu. Nalisema mpaka leo na ni kweli. Lakini binti hakulichukua.

Alirudi bandani kwa kuwa kazi ni kazi. Ile sinema hakuitoa tena, na watu wakaanza kulalamika. "Weka ya hakimu! Weka ya senene!" Mwenye banda akamwambia aweke au aache. Akaweka. Nilikuwapo. Alikaa kwenye kiti, kipaza sauti kimelala mapajani, hakusema neno. Wachina walisema Kikantoni chao chote tangu mwanzo. Na watu, Mungu wangu, walicheka vilevile. Kila pahali walipakumbuka. Wengine walipaza sauti wakisema wenyewe yale maneno yake. Walipofika kwa mjane na mashahidi wake watatu, banda zima likajibu kwa pamoja. Yeye akainuka akatoka nje. Hajashika kipaza sauti tena. Sasa anashona nguo kwa fundi mmoja karibu na soko la Kimuli, na mikono yake ni mizuri, huyo ni wangu, hata huko yuko mbele ya wenzake.

Krismasi ikakaribia. Huku kwetu makaburi yanapaliliwa kabla ya sikukuu, walio mbali wanarudi, na aibu ya kaburi lenye majani ni ya familia nzima. Nilikaa nalo wiki nzima. Mkwe wangu alisema, "Mama, kama huwezi nitakwenda mimi." Nikamwambia aliyemzaa ndiye atakayekwenda.

Tukaenda watatu na majembe. Jirani alitoka nje kabla hatujabisha, amevaa kandambili, akakunja mikono kwa adabu.

"Shikamoo mama."

Ni mdogo kwangu, lazima aniamkie. Na mimi lazima niitikie.

"Marahaba."

"Karibuni sana."

Nilisema tumekuja kuomba kupalilia. Neno kuomba nililisema. Lilitoka.

"Kwenu hapa, mama. Ila angalieni maharage yangu, yako kwenye maua."

Alikuwa amepanda maharage kutoka mtaroni mpaka kwenye msalaba, pande zote, hakuacha hata njia. Mibuni ya mwanangu ilishakatwa. Tukavua viatu tusikanyage. Mjukuu wangu alitangulia, akakusanya gauni lake kwa mkono mmoja, akatafuta pa kuweka mguu kati ya mstari na mstari, na sisi tukaweka miguu yetu pale alipoweka wake. Jirani alisimama mtaroni akituangalia mpaka tulipomaliza, na majani tuliyong'oa tukayabeba wenyewe, kwa sababu pale hatukuwa na mahali pa kuyatupa.