Fanfari ya Kabatini

Askari wangu nawaokota sokoni Kampemba, katika marundo ya vichezeo vya watoto vinavyotoka Ulaya. Wenye bunduki siwataki. Natafuta wenye tarumbeta, ngoma na matoazi, kila mmoja mrefu kama kidole. Nyumbani nawapaka rangi: koti jekundu, uso mweusi kama wetu, vifungo vya dhahabu kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Kisha nawapanga kabatini sebuleni, mguu wa kushoto mbele.

Mimi niliwapangia gwaride la sikukuu. Lakini hapa mjini fanfari, bendi ya tarumbeta na ngoma, tunaisikia zaidi ikisindikiza maiti makaburini, na wageni wakifika mbele ya kabati wanashusha sauti. Mama jirani aliniuliza, "Kilio iko ya nani?"

"Hakuna muntu, mama. Ni michezo tu."

Hakuniamini. Alivuta kiti akakaa kama aliyekuja matangani, mikono mapajani. Iliniudhi.

Jana nilimaliza kumpaka rangi mpiga ngoma kubwa, nikamweka mbele. Mke wangu akauliza kwa nini nisimweke nyuma ya wenzake, penye nafasi.

Nikajisikia nikimjibu kwamba pale ni pa jeneza.