Bati la Mzee wa Baraza

Tangu walipofundishwa katekisimu pamoja, Stanislaus hakuwahi kufurahia kitu cha Bazilio. Bazilio akipata shati jipya, la Stanislaus lilimwasha mwilini. Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, watu wakashushwa kutoka vilimani na kupangwa kando ya njia iendayo Kibondo, Bazilio akawa mwenyekiti wa kijiji. Haukupita muda nyumba yake ikaezekwa bati. Stanislaus aliitazama kila asubuhi, akakosa hamu ya kula.

Naye alikuwa na chake. Alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, na kura yake ilikuwa sawa na ya hakimu.

Ndipo mjane Kezia akamshtaki Bazilio kwa kumnyang'anya shamba la bondeni, alilokuwa akilimia maharage ya kiangazi. Majirani wakashuhudia kwamba ni la marehemu mumewe. Bazilio hakuwa na shahidi ila mgambo wake.

"Safari hii namwangusha," Stanislaus alimwambia mkewe, Immakulata.

"Kwa ajili ya Kezia, au kwa ajili ya lile paa?"



Kabla ya hukumu Bazilio alimjia mchana kweupe, akaomba maji, akanywa taratibu.

"Ndugu yangu, mzee wa baraza mzima analala chini ya nyasi? Khatibu ana bati dukani kwake Kasulu. Nimekwisha sema naye. Nenda ukachukue."

Bazilio angempa fedha, pengine Stanislaus angemfukuza. Lakini bati! Aliliona tayari liko juu ya nyumba yake, liking'aa kuliko la Bazilio. Akauliza duka la Khatibu hufunguliwa saa ngapi.

Siku ya hukumu, mzee mwenzake, Tharsisi, alisema shamba ni la Kezia. Hakimu akasema ardhi ni ya kijiji, na mgawaji ni mwenyekiti. Macho yote yakamgeukia Stanislaus.

"Naungana na hakimu," akasema.

Kezia hakulia. Alikaza khanga yake kiunoni. "Mume wangu ndiye aliyembeba mwanao mgonjwa mgongoni hadi hospitali ya misheni, Stanislaus, wewe ukiwa huna nguvu." Akatoka. Baadaye alihamia kwa kaka yake huko Kakonko.

Bati likapigwa juu ya nyumba ya Stanislaus. Fundi, akiwa juu ya paa, akamsifia: "Zuri, mzee. Ila la hakimu limetosha hadi jiko."

"Jiko?"

"Na banda la kuku."

Usingizi ulimpotea. Jioni ya gulio, pombe ikiwa imemkolea kilabuni, alisimama mbele ya watu akafoka: "Kura yangu ndiyo iliyompa Bazilio shamba! Mbona kuku wa hakimu wapewe bati, mimi jikoni kwangu kuvuje?"

 Mgambo wa Bazilio alikuwa pale akisikiliza.

Wiki haikuisha, Stanislaus akavuliwa uzee wa baraza kwa kosa la kula rushwa. Bazilio ndiye aliyepeleka malalamiko, kwa niaba ya wananchi. Na aliyesimama kumsomea uamuzi, kwa sauti ya kusikitika kweli, alikuwa hakimu yuleyule.