Samaki wa Kwanza Hapimwi: Jumamosi tuliyoshindania Kona, huku Mshangano, Songea

Wakuu, habari za humu.

Walio juu yangu kwa umri, kama mpo, shikamooni. Wengine wote marahaba, maana najua mmeshaniamkia moyoni.

Mimi ni mzee wa Songea. Shule niliishia darasa la tatu, na hapa naandika kwa kidole kimoja. Binti yangu ndiye aliyenifungulia humu, akasema baba, hadithi zako zipeleke huko, sisi nyumbani tumeshiba. Kwa hiyo herufi zikipishana mnisamehe.

Ila ninachosimulia nimekiona kwa macho haya mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini siku hiyo lilikuwepo. Hii siyo chai, sijatunga.

Sasa.

Watu wakisikia uvuvi wanafikiria ziwa tu. Huku kwetu tuna mito. Ruvuma yenyewe inazaliwa hapa Matogoro, ikiwa kijito cha kuruka kwa mguu mmoja, halafu ukiikuta huko Tunduru ina mamba wa kumeza mbuzi. Nasema hivi kwa sababu shemeji yangu anakaa Nakapanya, na kila akija ananiringia na mto wao mkubwa. Huwa namjibu, shemeji, mto wenu sisi ndio tumeuzaa, nyie mnalea tu.

Basi sisi wazee sita tuna chama chetu cha kuvua kwa ndoano. Hakina katiba wala mhuri. Tunaitwa Watu wa Fito, kwa sababu tunavulia fito za mianzi. Kiboya tunachonga kwenye kandambili iliyochoka. Chambo cha kambale ni utumbo wa kuku, na kipande cha sabuni ya kufulia siku utumbo ukikosekana. Wa kucheka acheke, ila kambale anakula sabuni kuliko mtoto anavyokula pipi.

Sehemu yetu inaitwa Kona. Ni pembezoni mwa Mshangano, kijito kinapopinda na kuchimba kina kirefu. Ukingoni wanaenea watu sita, saba wakibanana. Ukizidisha hapo mishipi inafungana na watu wanatukanana.

Chini ya Kona kuna matete. Kule nako samaki wapo, ila mteremko wake ni mkali na udongo wake unateleza kama bamia.

Hilo la mteremko mlishike, nitalirudia. Goti langu la kulia lilishakufa siku nyingi. Kona naifika polepole na fimbo yangu. Kule kwenye matete nikishuka, kupanda ni kwa machela.

Sasa niwaambie desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Samaki wa kwanza wa siku hapimwi, hauzwi, wala haendi nyumbani. Anapikwa palepale, analiwa na kila aliyepo ukingoni, hata mpita njia, hata mtu mliyenuniana naye tangu Pasaka. Na kichwa ni cha mwenye njia.

Mwenye njia ni nani? Ni Mama Kapinga. Njia ya kwenda Kona inakatiza katikati ya bustani yake, na kabla yake bustani ilikuwa ya mama mkwe wake. Huyo bibi zamani alikuwa anatukimbiza kwa jembe, kwa sababu tulikanyaga maboga yake. Mzee aliyetufundisha kuvua, Mungu amrehemu, siku moja akamchukua samaki wa kwanza, akaomba sufuria kwa yule bibi, akampikia hapohapo. Bibi akala kichwa, akajifuta mdomo, akasema haya, piteni, ila maboga myaone.

Ni zaidi ya miaka arobaini sasa. Bibi alishatangulia, njia bado tunapita.

Na samaki anahesabika akigusa nchi kavu. Hii tuliiweka kwa ajili ya rafiki yangu Mzee Ngonyani, maana yeye kila Jumamosi ana samaki mkubwa aliyechomokea majini.

Turudi kwenye mada.

Mwaka jana wakaja Watu wa Rodi. Hawa ni watumishi, watu wa ofisini, walimu, wageni kutoka mikoa mingine. Watu wazuri tu, wana rodi za kukunja, yaani fito za dukani, viti vya kukunja, na kofia. Kiongozi wao ni Mwalimu Masanja, Msukuma, anafundisha sekondari. Nao wanapumzika Jumamosi, nao wakaipenda Kona.

Wiki tatu mfululizo mishipi ikafungana. Ya nne Mzee Ngonyani akakata mshipi wa bwana shamba mmoja kwa kisu. Alisema ni bahati mbaya, lakini kisu alikitoa mfukoni taratibu nikimwona.

Mwalimu Masanja akaja kwangu kwa heshima. "Shikamoo mzee. Tusigombane watu wazima. Tushindane. Samaki mmoja mzito kuliko wote, upande wake unachukua Kona kila Jumamosi. Wengine wanashuka kwenye matete."

Ngonyani akajibu kabla yangu. "Mtani, nyie mmezoea nyavu. Ndoano mtajitoboa."

"Tutajitoboa tukiwa Kona," akasema Mwalimu.

Tukakubali. Mwalimu akaandika kanuni kwenye daftari, saa moja asubuhi mpaka saa sita mchana, mwamuzi mwenyekiti wa mtaa, mizani ya kuning'iniza ya muuza kuku. Tukasomewa, tukatia sahihi. Mimi nilitia jina langu lote, taratibu, kila mtu akasubiri.

Na hapo ndipo kosa letu lilipokaa, wakuu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuandikisha desturi ya samaki wa kwanza. Siyo kwamba tulificha. Ni kitu ambacho hatukujua kama kinaandikwa. Nani anaandika kwamba mtu ananawa kabla ya kula?

Jumamosi ikafika. Tulitoka kusali jumuiya alfajiri, tukaenda moja kwa moja. Mama Kapinga alikuwa ameshapanga mafiga matatu na sufuria ya maji, kama kawaida yake.

Saa mbili hivi kiboya changu kikacheza. Nikavuta, kaperege kadogo kama kijiko cha chai. Kakafika juu ya maji, kakajipindua, kakaanguka. Majini. Nadhani Ngonyani tu ndiye aliyegeuka kutazama, na yeye aliona fito yangu ikiinuka, basi.

Si upande wetu wala wao, hakuna aliyekuwa ameshatoa kitu.

Saa tatu kiboya hakikucheza. Kilizama chote, kimya, kama mtu amekivuta kwa mkono.

Wakuu, nimevua tangu sina ndevu. Sijawahi kushika kitu kama kile. Mwanzi ulipinda mpaka ncha ikanywa maji. Goti likasema nakuacha. Ngonyani akanidaka mkanda wa suruali kwa nyuma, akawa ananivuta mimi, mimi navuta samaki, na kati yetu sijui nani alikuwa anavuliwa.

Alipolala kwenye nyasi, kambale, mweusi, ndevu kama za padre wa zamani, nilimnyoosha pembeni ya mguu wangu. Kutoka kisigino alipita goti.

Watu wa Rodi wote waliacha viti vyao. Mwalimu Masanja akasema, "Mzee, huyu sisi kwetu ni chambo cha sangara." Ila sauti yake ilikuwa imepungua.

Mwenyekiti akaja na mizani. Ngonyani anacheka peke yake.

Nikasema, "Huyu ndiye wa kwanza."

Ngonyani akaacha kucheka. Akanisogelea sikioni. "Wa kwanza alikuwa yule perege."

"Hakugusa nchi."

"Nani aliona?"

"Mimi."

Akasema kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka namsamehe madeni yake yote ya uongo. "Mwenzangu, mimi nasema kwa ajili ya goti lako. Kule kwenye matete utashukaje?"

Nisiwadanganye, niliahidi ukweli. Mkono wangu ulishaanza kumwinua kuelekea kwenye mizani. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, kwamba perege aligusa majani, nani angebisha? Na ningebaki Kona mpaka nife.

Nikageuza shingo, nikamwona Mama Kapinga. Wala hakuwa ananitazama. Ameinama anamenya kitunguu, maji yanachemka. Alishasikia watu wakishangilia, akajua samaki katoka, basi anamenya kitunguu. Hakuwa na wasiwasi wowote.

Nikamwita. "Mama, lete kisu."

Mwenyekiti akabaki na mizani inaning'inia. Mwalimu Masanja akafungua daftari lake. "Mzee, mbona kanuni hazisemi hivyo?"

"Zenu hazisemi," nikamwambia. "Zetu hatukuziandika. Karibuni mle, nanyi mpo ukingoni."

Wakatazamana. Walidhani ni mtego. Lakini samaki wa kitunguu na nyanya akianza kunukia, mtego unasahaulika. Walikula wote, mwenyekiti alikula, na muuza mkaa aliyekuwa anapita na baiskeli aliegesha akala. Mama Kapinga akachukua kichwa chake. Mwalimu alilamba vidole mpaka cha mwisho, akasema, "Nyie Wangoni mna mambo. Mmeula ushindi wenu kwa ugali."

"Na wewe mtani umetusaidia kumeza," nikamjibu.

Baada ya hapo mpaka saa sita tulitoa perege tu. Yule bwana shamba aliyekatwa mshipi ndiye aliyepata kambale, kilo mbili na kidogo. Kila aliyekuwepo alijua kwamba tuliyemla alikuwa baba yake huyo. Lakini aliye tumboni hapimwi. Mwenyekiti akatangaza, tukapeana mikono. Kona ikaenda.

Nyumbani mke wangu akauliza, "Samaki yuko wapi?"

"Tumemla."

"Na Kona?"

"Nayo tumeila."

Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akachemsha maji akanikanda goti. Huyu mwanamke nimeishi naye miaka mingi, anajua wakati wa kunyamaza.

Jumamosi iliyofuata wenzangu walishuka kwenye matete. Mimi nilibaki nyumbani napukuchua mahindi. Nilijisemea nimezeeka, uvuvi umeisha, kila kitu kina siku yake. Maneno hayo ni mepesi kusema. Fito yangu niliiegemeza nyuma ya mlango ili nisiione.

Saa tatu hivi nasikia hodi. Mwalimu Masanja, kofia mkononi, suruali ina tope mpaka magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmekosa chambo?"

"Hapana. Samaki wa kwanza katoka. Wenzako tumeshawaita huko chini, wamepanda. Umebaki wewe. Mama Kapinga kasema hainjiki sufuria motoni mpaka uje."

Nikamtazama. Nikamuuliza, kwa mzaha tu, "Mkubwa?"

Akasema, "Sijui mzee. Hatujampima."

Wakuu, mimi si mtu wa kulia. Nilisingizia vumbi la mahindi.

Nikatoa fito nyuma ya mlango. Mwalimu alinibebea mpaka Kona, na njiani alikanyaga boga moja, nikamwambia hilo utalijibu mwenyewe.

Samaki mwenyewe alikuwa perege wa kiganja. Tulikuwa watu kumi na watatu. Kila mtu alipata nyama ya kubandika kwenye tonge moja, mchuzi mwingi, na Mama Kapinga akapewa kichwa kilichoenea kwenye kijiko. Sijawahi kushiba vile.

Kwenye mwamba nilipozoea kukaa walikuwa wameweka kiti kimoja cha kukunja, hakina mtu. Hakuna aliyesema ni cha nani. Nilikaa.

Mpaka leo Kona ni ya Watu wa Rodi, walishinda kihalali na sisi tuliweka sahihi. Wenzangu wanavua kwenye matete, wakija juu wanakuja kula. Mimi ni mgeni wa kudumu wa Kona, nakaa kwenye kiti cha watu na mwanzi wangu, namfundisha bwana shamba kutumia sabuni. Na kwenye daftari la Mwalimu, chini ya kanuni zote, ameongeza mstari mmoja kwa wino mwingine, kwamba samaki wa kwanza hapimwi. Alinisomea, ila na mimi niliusoma mwenyewe.

Nilichojifunza ni hiki. Yale mnayoyafanya kila siku, mwelezeni mgeni kabla hamjashindana naye, kwa sababu yeye hakuzaliwa nayo. Na kama mmesahau kumweleza, basi mwonyesheni, hata kama inauma goti.

Haya, nimechoka kidole. Nanyi semeni, mtoni kwenu, au bwawani, au ziwani kwa wale wa kuringa, samaki wa kwanza huwa anakwenda wapi? Nitasoma yote polepole.

Ila atakayeniuliza yule kambale alikuwa kilo ngapi, simjibu. Sijui, na hakuna mtu Songea nzima anayejua.