Mama Tindikali na Video Zake

Wanafunzi walimwita Mama Tindikali, na jina hilo alilipenda. Alikuwa akifundisha kemia tangu hajaota mvi hata moja, na koti lake jeupe lilikuwa limetoboka mikononi kwa asidi. Darasani alikuwa na tabia ya kunyamaza ghafla na kumkazia macho mtoto aliyekunja uso.

"Wewe hujaelewa. Usinidanganye, nakuona."

Basi huanza upya, kwa njia nyingine, mpaka ule uso ukunjuke.

Shule ilipopata vishikwambi na projekta, mkuu wa shule alimwomba arekodi masomo yake yote. "Ili hata ukiugua, watoto wasikukose." Alikubali kwa moyo mweupe. Likizo nzima alirekodi jikoni kwake, chupa za kemikali zimepangwa kando ya jiko, binti yake akimshikia kishikwambi huku amebana pua.

"Mama, tabasamu basi. Utadhani umekuja kuwafukuza shule."

"Nimtabasamulie nani? Hapa hakuna mtu."

Video zilitoka nzuri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mkuu aliamua madarasa yote yafundishwe kwa video hizo, na maabara ikageuzwa chumba cha kompyuta. Mama Tindikali akabaki na kazi ya kufunga mapazia, kuwasha projekta na kunyamazisha kelele.

Siku moja msichana wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Mwalimu, hapo nimepotea."

Alisimamisha video, akashika chaki. Hata mchoro haujaisha, mkuu akaingia.

"Ukisimamisha namna hii, darasa hili litaachwa na wenzao. Waache wamsikilize mwalimu."

"Kwani mwalimu si mimi?"

Mkuu alitazama ukutani, ambako Mama Tindikali mwingine alikuwa ameganda mdomo wazi. Darasa zima likaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, ni watoto tu, lakini kilimwingia mpaka kwenye mifupa. Akabonyeza, na sauti yake mwenyewe ikaendelea pale ilipoishia, haina habari na mtu.

"Waambie wazifute," binti yake alimshauri. Alikwenda. Mkuu alimjibu kwa upole kabisa kwamba video ni mali ya shule.

Tangu hapo alikaa kiti cha nyuma, akitazama migongo ya watoto. Koti aliliacha nyumbani.

Matokeo ya mtihani yalipobandikwa, alimkuta yule msichana ukumbini, macho mekundu. Kemia alikuwa ameanguka vibaya.

"Mwanangu, mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, mwalimu. Siku ile. Halafu nikaona wewe mwenyewe hututazami tena."

Msichana aliaga kwa adabu, akaenda zake. Kengele ikalia, na kwa kuwa kipindi kilikuwa chake, Mama Tindikali aliingia darasani akafunga mapazia.