Pipa la Habuba na Kanzu ya Shemeji

Harufu ya chuma kilicholowa hunirudisha Arua ya utoto wangu kabla sijapata nafasi ya kukataa. Wala si lazima iwe kali. Ufunguo ulioshikwa na kiganja chenye jasho, au sufuria kuukuu iliyolala na maji, hunitosha. Mara naona ua wetu wa nyuma ya soko, kiangazi cha katikati ya miaka ya sabini, vumbi jekundu limekaa juu ya majani ya mpapai, na mimi nimening'inia kwenye mkono wa bomba jipya nikilingoja litapike. Bomba lile lilikuwa likikohoa kwanza, kisha likikoroma, kisha maji yakija yote kwa pamoja, maangavu na ya baridi ya kuumiza meno, yananuka kama msumari. Tuliyapenda maji yale. Mto Enyau ulikuwa umekauka ukabaki madimbwi waliyogombea ng'ombe, na visima vya jirani vilikuwa vinatoa tope. Kupata bomba uani wakati kama ule ilikuwa neema, na neema haikaguliwi meno.

Walioishi katika ua ule walikuwa wachache. Alikuwepo Habuba, yaani bibi yetu, maana sisi watu wa asili ya Sudani huko Arua na Koboko ndivyo tulivyowaita bibi zetu. Babu yake alikuja na jeshi kutoka Sudani zamani za ukoloni na akasahau kurudi, na Habuba alirithi kutoka kwake mgongo ulionyooka na desturi ya kutoa amri. Alikuwepo Mjomba Ramadhani, mwanawe, fundi wa magari, ambaye jioni akitoweka tulijua yuko Onduparaka, pembeni mwa mji, anawafundisha vijana wa mpira kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Na alikuwepo dada yangu Zainabu. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo mgongo ninaoukumbuka nikibebwa ni wa Zainabu, na kiangazi kile Zainabu alikuwa anaolewa Koboko. Nilifurahi kwa ajili ya pilau na nguo mpya. Usiku nilimshika upindo wa nguo nikalala hivyo.

Katika ukoo wetu kulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kabla ya harusi, bwana harusi hutuma kanzu yake nyumbani kwa mchumba, na watu wa nyumba hiyo huifua kwa mikono yao, huifukiza udi na kuirudisha. Habuba alikuwa akisema kwamba mwanamume aliyevaa nguo iliyofuliwa kwenu amekwisha kuwa mtoto wenu, mengine ni maneno ya shehe tu. Kanzu ya Juma, shemeji yangu mtarajiwa, ilifika kwa lori la Koboko ndani ya kikapu chenye kifuniko cha ukindu wa rangi. Ilikuwa nyeupe kama maziwa, ina tarizi ya hariri shingoni. Pamoja nayo zilikuja salamu za mama yake, mwanamke ambaye ulimi wake ulijulikana kutoka Kuluba hadi Abuku. Salamu zenyewe zilikuwa fupi: alikuwa anangoja kuona mikono ya nyumba yetu.

Tatizo tulilijua tayari, ila tulikuwa hatulitamki. Tangu bomba lichimbwe, nguo zetu nyeupe zilikuwa zinageuka. Shuka zilikuwa zimepata rangi ya chai ya maziwa, na kofia ya Mjomba ya Ijumaa ilikuwa na madoa ya kahawia kama mayai ya kanga. Sabuni yenyewe ilikuwa adimu siku hizo, kipande kilikatwa kwa uzi na kufichwa juu ya kabati, kwa hiyo kwanza tuliilaumu sabuni. Zainabu ndiye aliyesema lililokuwa kooni mwetu sote.

"Habuba, hii maji iko safi kwa macho, lakini nguo iko nageuka. Mimi hapana weza kuweka kanzu ya mutu hapa."

Habuba alimtazama Mjomba, na Mjomba, ambaye maishani mwake hajapata kusema hajui kitu, alisema hilo ni jambo dogo. Alikwenda gereji akarudi akiviringisha pipa. Alilisugua kwa mchanga na majivu, akalipaka rangi ndani, akatoboa tundu chini na kutia koki. Tulibeba mchanga kutoka Enyau, kokoto kutoka barabarani, na magunia ya mkaa. Kokoto chini, mchanga, mkaa, kisha mchanga tena, na Mjomba alikuwa akieleza kila tabaka kwa majirani waliojaa kwenye ua wakitazama kama watu waliokuja kwenye ngoma. Kisha Habuba akaleta sharti lake. Kanzu ni ya kuolea na ya kuswalia, kwa hiyo maji yake lazima yawe tohara, yasiguswe na mkono wa mtu, wala ulimi wa mbwa, wala manyoya ya kuku. Pipa lifunikwe. Mjomba akakata mpira wa ndani wa tairi la lori, akaufunga kutoka mdomo wa bomba hadi ndani ya pipa, akapigilia mfuniko juu na kuuziba pembeni kwa udongo. Habuba akazunguka pipa, akabonyeza udongo kwa kidole, akaridhika. Maji yetu yalikuwa yametoka ardhini na kuingia gizani bila kuliona jua.

Koki ilipofunguliwa, maji yalitoka meusi. Mjomba hakuwa ameosha mkaa. Majirani walicheka, tukabomoa, tukaosha, tukapanga upya. Mara ya pili yalitoka maangavu lakini tone kwa tone, kama mtu anayelia kwa aibu, na ikagundulika kwamba mchanga laini umeziba koki. Tukabomoa tena, tukaweka kipande cha chandarua juu ya kokoto. Hapo maji yakatiririka vizuri, safi ya kuonea uso, na Mjomba akanawa mikono kwa maringo na kuondoka kwenda Onduparaka. Zainabu alikuwa hajatulia. Alitaka kujaribu kwanza kitambaa cha mezani. Lakini lori la kwenda Koboko lilikuwa linaondoka kesho yake, na Habuba alisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wakaifua kanzu, wakaianika.

Sisahau uso wa Zainabu jua lilipopanda. Kanzu ilianza kubadilika kwenye kamba mbele ya macho yetu, kwanza rangi ya ndizi mbivu, halafu madoa ya kutu mabegani na kwenye upindo, kana kwamba mtu anaipaka taratibu. Alikaa chini kwenye vumbi na nguo zake nzuri, akaniambia kwa sauti ndogo, "Halima, yule mama atasema mimi naleta uchafu kwa nyumba yake. Atasema mpaka mimi nazeeka." Nikakaa naye. Niliogopa, kwa sababu mtu niliyemjua kuwa hana hofu alikuwa ameniegemea mimi mtoto. Mjomba aliporudi alisema labda ni rangi ya pipa. Jirani mmoja alisema ni jicho la hasidi. Shangazi mmoja wa mbali, aliyekuja kusaidia mapishi na hakusaidia, alishauri tununue kanzu nyingine tunyamaze, na Habuba akamwambia arudi jikoni.

Jibu lilikuja kupitia birika la udhu. Habuba alikuwa na birika lake la bati ambalo alilijaza jioni na kuliacha wazi kibarazani, na alfajiri alitawadhia, kisha maji yaliyobaki alimwagia bamia zake. Asubuhi ile alimwaga taratibu, akili yake iko kwenye kanzu, na nilikuwa nimeshika taulo nikamwona amesimama ghafla. Maji ya juu yalitoka safi. Ya mwisho yalitoka mekundu, na chini ya birika palikuwa na tope laini la rangi ya kutu. Alilitia kidole, akalinusa. Kisha akajaza birika jingine, akaliziba kwa kitambaa na mkono wake juu yake kwa muda mrefu, akafungua: maji maangavu, hayana kitu. Yale ya kuachwa wazi ndiyo yaliyokuwa yametua uchafu wao. Yale ya kufungwa yalikuwa yameuficha, hata ukaja kujitokeza kwenye kanzu iliyoanikwa.

Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akalipiga kwa fimbo ya mpapai hadi Mjomba akatoka na shuka kiunoni.

"Ramadhani, toa hii mfuniko. Maji nataka hewa. Nani alifunga pipa kama kaburi?"

Mjomba akanitazama mimi, akamtazama Zainabu, akaanza kuubandua udongo. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha Habuba sharti lake. Penye wazee haliharibiki neno, na likiharibika halitajwi.

Tangu hapo kazi ilikuwa nyingine. Mjomba alitoboa kopo la mafuta ya kupikia matundu mengi, tukawa tunamimina maji ya bomba kupitia humo kutoka juu ya kigoda, yanyeshe kama mvua ndani ya mtungi mkubwa. Habuba alikubali mtungi ukae wazi kwa sharti ufunikwe kwa chandarua cheupe, kuku wakae mbali lakini upepo upite, na mimi nikapewa cheo cha kufukuza mbwa. Maji yakalala. Asubuhi tuliyachota ya juu pole pole, tukayapitisha kwenye mchanga, na kitambaa cha mezani cha Zainabu kikakauka cheupe. Kisha tukaiendea kanzu. Ndimu na chumvi kila doa, jua, suuza, ndimu tena, vidole vyetu vikiwasha hadi kula kwa mkono kukawa adhabu. Madoa yaliondoka yote isipokuwa moja kwenye upindo, kubwa kama punje ya mahindi. Hilo lilikataa. Zainabu alilisugua mpaka Habuba akamshika mikono. "Wacha, mama yangu. Kitambaa kitatoboka." Wakaifukiza udi, wakaifunga, ikaenda Koboko kwa lori lililofuata, na doa lake.

Harusini nilikuwa mbele, nimekodoa macho kwenye upindo ule zaidi kuliko kwa bibi harusi. Mama mkwe aliuona. Alikuwa ameanza kuinama, kidole kimetangulia, Juma alipoushika upindo mwenyewe akauinua watu waone.

"Mama, hii iko alama ya nyumba ya mke yangu," alisema. "Mimi nikipotea, itanionyesha njia."

Watu walicheka, na yule mama akakirudisha kidole, akacheka nao. Zainabu alikuwa amefunikwa, lakini niliona mabega yake yakishuka.

Mwaka wa sabini na tisa tulipotea kweli. Vita vilipokuja tulivuka mpaka wa nchi usiku na mchana kama watu wengine wa kwetu, wao kutoka Koboko, sisi kutoka Arua, na tuliacha bomba, pipa na bamia. Habuba alizikwa upande wa pili wa mpaka. Zainabu alitoka na watoto na ile kanzu ndani ya kikapu. Katika makazi ya wakimbizi Juma aliivaa kila Idi, na kila Idi kabla ya kutoka aliuinua upindo akamwonyesha mkewe, wakatabasamu, kisha nyuso zao zikarudi za kawaida. Tulirudi Arua miaka mingi baadaye. Ua ulikuwa pori.

Sasa nina kisima cha umeme na mashine ya kufulia, na maji ni yale yale, ardhi haijabadili tabia. Kijana aliyekuja kufunga kichujio aliweka mitungi miwili mizuri ya plastiki, imefungwa kabisa, na mashati ya mume wangu yakatoka ya manjano. Nikamuuliza hewa inaingia wapi. Akasema kipo kifaa cha kupuliza hewa, ila hakijafika. Nikamwambia tusikingoje, afungue mfuniko wa tangi la juu ya paa ili maji yapate hewa kwanza. Nikalifunika kwa chandarua cheupe, na wiki hiyo mashati yakapona. Kazi iliyotuchosha ukoo mzima sasa naifanya kwa kubonyeza kitufe, na sitadanganya kwamba nautamani mkono wa bomba. Nawatamani waliokuwa wamelizunguka pipa.

Zainabu anakaa nami tangu Juma alipofariki. Juzi binti yangu alikusanya nguo nyeupe zote za nyumba akazitia kwenye mashine, na kanzu ikiwemo, hakujua. Zainabu alipogundua, mlango ulikuwa umejifunga na maji yanazunguka. Alivuta kiti akakaa mbele ya kioo. Hakumlaumu mtoto. Nilisimama nyuma yake nikiwa na hofu ile ile ya utotoni. Mashine ilipotulia aliitoa kanzu yeye mwenyewe, mbichi, akaubeba upindo hadi dirishani, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Bado iko," alisema, akaikumbatia ikiwa imelowa.